Baridi Ikiisha Anaenda Wapi? Ushauri kwa Watu Wazima Wanaopenda kwa Misimu

Swali hili hunijia kila mwaka ifikapo Septemba, na wanaoniuliza si watoto. Ni mama fua wa Kawangware aliyepita miaka thelathini, ni mwashi wa Laini Saba anayekaribia arobaini na tano, ni muuza mitumba wa soko la Toi ambaye bintiye yuko shule ya upili. Mmoja anasema: mbona alinijia Juni, akala kwangu, akalala kwangu, na jua lilipotoka akapotea? Mwingine anauliza kutoka upande wa pili: mbona mimi, mtu mzima na akili zangu, sijawahi kukaa na mtu hadi mwaka ukaisha?

Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo nawajibu pamoja. Sitaeleza mapenzi ni nini. Nitaeleza cha kufanya. Msimamo wangu ni huu: anayependa kwa misimu mara nyingi anakimbia hesabu za miezi mingine. Anakimbia kodi, karo, mama mgonjwa kule mashambani, unga wa tarehe ishirini mfukoni mkiwa mkavu. Kwa hiyo usimpime kwa Julai wala kwa Desemba, miezi ambayo kila mtu anataka mwenzake. Mpime kwa Januari.

Misimu ninayoizungumzia

Mkazi wa Kibera au Kawangware hahitaji kuelezwa sana, lakini tuitaje ili tuelewane.

- Baridi, Juni hadi Agosti. Mabati ya Gatwekera na Gatina hayazuii kitu usiku wa Julai. Uhusiano huanza kwa chai ya tangawizi na blanketi la watu wawili. Septemba simu zinaanza kupungua.
- Kazi ya mjengo. Jengo likianza Kileleshwa au Lavington, kibarua ana pesa kila Jumamosi na mpenzi kila Jumamosi jioni. Kazi ikifungwa, na yeye hafiki tena.
- Desemba. Huu una sura mbili. Kuna anayetoweka katikati ya mwezi kwa sababu huko nyumbani kuna mtu mwingine anayejulikana na wazazi. Na kuna anayekuja kutoka mbali na pesa za likizo, anakuzungusha wiki tatu, kisha Januari anarudi alikotoka na nambari yake haishiki.
- Kampeni. Wakati wa uchaguzi wa 2022 wengi waliona jinsi pesa za mikutano zinavyozaa mapenzi ya haraka. Uchaguzi wa 2027 unakuja na mambo yatakuwa yale yale.

Sina ugomvi na watu wazima wawili wanaojua kwamba wanachofanya ni cha muda, wamekubaliana na wanajikinga. Ugomvi wangu ni pale ambapo mmoja anajua na mwingine hajui.

"Lakini ni umaskini, si utoto"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi nikiita kukimbia huko utoto, na silidharau. Kibarua hulipwa kwa siku, kodi hudaiwa kwa mwezi. Mwanamke anayeketi kando ya barabara tangu alfajiri akingoja kuitwa kufua nguo hajui kama leo atarudi na kitu. Watu wawili wakiishi chumba kimoja, kodi inagawanyika, makaa yanagawanyika, hata maji ya mtungi yanatosha. Wengi waliingia kwenye haya mapenzi kwa sababu hesabu ya mtu mmoja haikuwa ikitosha, na sitawalaumu.

Lakini tazama ploti yoyote unayoijua. Wamo wanaume wawili wanaotoka pamoja saa kumi na moja asubuhi kwenda kutafuta kibarua kile kile, kwa malipo yale yale. Siku wanayokosa kazi, mmoja anarudi na kusema, "Leo sikupata. Jumamosi nitaleta mia tatu." Mwingine anazima simu na kwenda kulala kwa rafiki. Umaskini wao ni mmoja. Ila wa kwanza amekubali kuonekana akiwa hana, na wa pili hajakubali. Kukosa pesa hakumlazimishi mtu kuzima simu. Hapo ndipo utoto ulipo, na unaweza kumpata mwanaume nao au mwanamke nao. Wapo pia akina dada wanaohama kila mshahara unapohama. Usidhani nasema na upande mmoja.

Pingamizi la pili ni mahari. "Siwezi kwenda kwao, wataniitisha ng'ombe." Ndugu yangu, katika jamii zetu nyingi mahari hulipwa kidogo kidogo, na wazee wengi waliokuza mabinti wao hapa Nairobi wanajua hali ilivyo. Safari ya kwanza ni ya kujulikana tu. Nauli, sukari, majani chai na mzee mmoja wa kukusindikiza vinatosha kuanza. Ambaye hajaenda hata hiyo ya kwanza kwa miaka mitatu hajazuiwa na ng'ombe.

Dalili za kuangalia

Anza na begi lake.

Chumba cha futi kumi kwa kumi hakifichi kitu. Pazia linatenga kitanda na jiko, sufuria ziko chini ya kitanda, mitungi ya maji iko nyuma ya mlango. Anayekuja kukaa hutafuta msumari wa kutundika koti lake. Huuliza beseni la kuogea liko wapi, na likiwa limepasuka hununua jingine. Wa msimu, begi lake hubaki karibu na mlango, zipu imefungwa, mswaki wake umo ndani hata baada ya mwezi. Anauchukua, anasugua meno, anaurudisha.

Kisha angalia haya:

- Huleta vitu vya kuliwa leo tu: chipsi, mutura, soda. Hajawahi kuleta unga wa kilo mbili, sabuni ya kufulia wala tokeni za stima.
- Majirani wanamjua kwa jina la utani pekee. Jina lililo kwenye kitambulisho hawalijui, na pengine hata wewe hulijui.
- Kila swali la mbele hujibiwa "tutaona".
- Kati ya tarehe ishirini na mwisho wa mwezi, simu yake huwa na matatizo ya betri.
- Ana mtoto mahali na hamtaji. Ukimtaja wewe, anakasirika.
- Anakuita mke au mume mkiwa ndani. Mkikutana na watu wa kwao stendi, wewe ni "rafiki".

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Betri za simu huharibika kweli. Lakini ukiona tatu au nne na miezi miwili imepita, acha kujieleza kwa niaba yake.

Kabla ya kumpa ufunguo

1. Pajue kwake, mchana. Hata kama ni kitanda alichogawana na wenzake watatu huko Lindi au Kangemi. Unataka kujua kwamba anako alikotoka na kwamba waliobaki huko wanamjua.

2. Kutana na mtu mmoja wa damu yake, ana kwa ana. Dada anayeuza mboga, mjomba aliye bawabu, yeyote. Sauti ya simu haitoshi. Sauti yoyote inaweza kuitwa mama.

3. Nendeni mkapimwe pamoja. Vituo vya afya vya serikali hupima virusi vya Ukimwi bila malipo. Rudieni baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi ya juzi huenda yasionekane leo. Kama tayari umekutana na mtu bila kinga na una wasiwasi, usingoje wiki iishe: dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyokuwa bora.

4. Chagueni njia ya kupanga uzazi kabla, si baada. Ipo sindano ya miezi mitatu, kipandikizi cha mkononi, kondomu. Vidonge vya P2 ni vya dharura. Navyo vinafaa mapema, ndani ya saa 72, na havizuii ugonjwa wowote. Wasichana, na hata wanawake wazima, wanavimeza kila wikendi kama njia yao ya kawaida. Ongea na muuguzi akupatie njia inayofaa.

5. Andikeni hesabu kwenye daftari. Kodi, maji, stima, makaa au gesi, chakula, choo cha kulipia kama ploti haina, karo ya kila mtoto aliyepo. Mbele ya kila kimoja andikeni jina. Ikiwa majina yote ni yako, umeelewa.

6. Wekeni tarehe ya kukaa chini tena. Chagueni tarehe isiyo na sherehe. Mimi hupendekeza Januari 20: shule zimefunguliwa, pesa za Desemba zimekwisha, na kila mtu anaonekana alivyo.

7. Chumba kibaki kwa jina lako, na chama chako kibaki chako. Usimkopeshe kitambulisho, usimsajilie laini ya simu, usimpe nambari ya siri ya M-Pesa, usichukue mkopo wa Fuliza kwa ajili ya suti yake ya kwenda harusini. Deni hilo litabaki kwenye laini yako baada ya yeye kuondoka.

Utasema haya yanaua mapenzi. Nimewaona wengi wakiyafanya, na penzi lililokufa kwa sababu ya daftari lilikuwa linangojea mwezi wa tisa tu.

Namna ya kulianzisha swali

Usiulize usiku. Usiulize akiwa amekunywa, wala siku amelipwa, kwa sababu siku ya malipo kila mtu huahidi. Jumapili alasiri ni wakati mzuri. Sema kwa sauti ya kawaida:

"Sikiza. Nimefurahi uko hapa. Lakini kodi ni tarehe tano na mtoto anarudi shule Januari. Wewe unajiona ukiwa wapi hiyo Januari?"

Atasema: "Kwani unaniharakisha? Tutaona vile Mungu atapanga."

Mjibu: "Mungu atapanga, na sisi pia tunapanga. Leo naandika bajeti. Nikuandike ama nisikuandike?"

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kimya kikizidi wanaingiwa na huruma, wanaanza kumjibia: "Najua mambo ni magumu, najua kazi imekuwa kidogo, basi tungoje." Usimsaidie. Aliye na nia atasema kitu, hata kiwe kidogo: "Niandike maji na stima, kodi bado siwezi." Hilo ni jibu la mtu mzima na unaweza kujenga juu yake. Akiinuka kwa hasira na kuchukua koti, nalo ni jibu.

Ikiwa ni wewe unayehama na misimu

Sasa nasema nawe, kaka, dada, unayesoma haya na kujiona. Sikuandikii ili nikuaibishe. Wengi wenu mlikuja mjini mkiwa wadogo, mkapokelewa na ndugu aliyekuwa na shida zake, na hakuna aliyewaonyesha namna mtu anavyokaa nyumbani siku ambayo hana kitu. Baba alipokuwa na mikono mitupu hakuwa anarudi. Ulijifunza kwamba mwanaume bila pesa hapaswi kuonekana. Au, dada yangu, ulimwona mama akiteseka kwa kumngoja mtu mmoja, ukaapa kwamba wewe hutangoja. Naelewa. Lakini umefika miaka thelathini na minane na bado unahama na begi moja.

Usianze kwa kuapa kwamba utapenda kwa dhati. Viapo hivyo umeshavitoa. Anza na mambo yanayoonekana.

Kodi kwanza. Tafuta chumba, hata kidogo, kwa jina lako, ulipe miezi mitatu mfululizo bila kuhamia kwa mtu yeyote. Usipoweza kulipa yote tarehe tano, nenda kwa msimamizi wa ploti tarehe nne umwambie ni lini utaleta. Hiyo safari ya tarehe nne, ya kwenda mwenyewe kusema sina, ni ngumu kuliko kubeba mawe. Pia ndiyo itakayokubadilisha zaidi ya kitu kingine chochote katika makala haya.

Jifunze kujitunza. Mwanaume asiyejua kupika ugali na sukuma, asiyefua nguo zake, atatafuta mpishi kila akihisi njaa na kumwita mpenzi. Omena, githeri, chapati. Hakuna chakula cha Kibera ambacho mkono wa kiume hauwezi.

Orodhesha watoto wako. Wote. Andika majina, umri, mama au baba yao, nambari ya simu. Kila Jumamosi tuma kitu, hata shilingi mia mbili, kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Kisha piga simu uongee na mtoto mwenyewe. Ukikosa pesa, piga simu hata hivyo. Mtoto hukumbuka simu.

Pitisha baridi moja peke yako. Nunua blanketi zito Toi, vaa soksi, funga nyufa za mabati kwa maboksi. Na hapa niseme jambo ambalo halihusu mapenzi lakini linaua watu wetu: usilale na jiko la makaa limewaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na mtu hupoteza fahamu usingizini. Ota moto mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla hujalala.

Jiunge na chama. Kidogo, cha watu kumi, cha kila wiki. Huko utajulikana, utaulizwa, utangojwa. Mtu aliyezoea kutoweka anahitaji mahali ambapo kutoweka kwake kutaonekana siku hiyo hiyo.

Desemba nenda nyumbani ulivyo. Najua unavyoogopa kufika mikono mitupu. Nenda na kilo mbili za sukari. Mama yako amekaa miaka akisikia kwamba mambo yako yako sawa, mwache akuone.

Mwambie uliye naye sasa ukweli kabla msimu haujaisha. Sema: "Sijawahi kukaa. Naogopa ikifika Septemba nitaondoka tena." Huenda akakufukuza, na atakuwa na haki. Huenda akasema mjaribu pamoja.

Kama pombe ndiyo inayokuhamisha, shughulika nayo kwanza. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, na utaongea na mtu bila kutaja jina. Na kama kuna msiba nyuma yake, mke aliyekufa au ndoa ya kwanza iliyoungua vibaya, tafuta mshauri kanisani, msikitini au kwenye kituo cha afya. Anayeomboleza anahitaji muda, na si haki kumtumia mtu mwingine kuupitisha muda huo.

"Lakini nikikaa, atanidharau siku sina." Labda. Wapo wenye midomo mikali. Hata hivyo, anayekudharau kwa kukosa ni mtu mmoja, unaweza kuachana naye kwa sababu hiyo ukiwa umesimama. Usiwaache kumi kwa kuhofia kwamba wote watakuwa hivyo.

Mtoto akishapatikana

Hapa msimu umekwisha kwa wote wawili, mpende msipende. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumkimu, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 inaendeleza hayo hayo. Usidanganywe kwamba kwa kuwa hakulipa mahari hadaiwi, au kwamba kwa kuwa uliondoka wewe basi umepoteza haki.

- Weka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, risiti za shule na za hospitali ndani ya bahasha moja. Chumba kikiungua au mafuriko yakija, bahasha hiyo ndiyo ya kwanza kuokolewa. Bora zaidi, weka picha za hati hizo kwa simu ya ndugu.
- Jaribuni kukubaliana kwanza. Chifu au ofisi ya watoto ya serikali wanaweza kuwakalisha pamoja mkaandikiana.
- Ikishindikana, mahakama huweza kuamuru matunzo. Walio karibu na Kibera wana Mahakama ya Kibera.
- Usimzuilie mzazi mwenzako mtoto ili kumlipiza kisasi cha Septemba. Isipokuwa kuna hatari ya kudhulumiwa, mtoto anahitaji kumjua.
- Mtoto akidhulumiwa, piga 116. Ni bure.

"Tumeishi pamoja miaka mitano, si ni ndoa?"

Hapana, si lazima iwe. Watu wengi wa njoo tuishi, yaani wanaokaa pamoja bila ndoa rasmi, wanaamini kwamba miaka ikipita sheria inawaoza yenyewe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba kudhania ndoa kwa sababu watu wameishi pamoja ni jambo la nadra, si kawaida. Anayedai ndoa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha: kwamba mliishi muda mrefu, mlikuwa huru kuoana, mlikusudia kuoana, mliridhiana, na mlijitambulisha kwa watu kama mume na mke. Rudi kwenye zile dalili, kwa yule aliyekuita rafiki pale stendi, uone kwa nini nilizitaja.

Mkiwa mmeamua kweli, njia si ya gharama mnayoiogopa:

- Ndoa ya kimila. Mkikamilisha hatua zinazotakiwa na jamii yenu, Sheria ya Ndoa ya 2014 inawataka mumjulishe msajili ndani ya miezi mitatu, ili mpate cheti.
- Ndoa ya kiserikali, kwa msajili wa ndoa. Notisi hutolewa siku 21 kabla. Hakuna anayewalazimisha kukodi hema wala magari.
- Ndoa ya Kiislamu kwa kadhi, au ya kanisani. Makanisa kadhaa Nairobi huwafungisha wengi kwa siku moja. Muulize mchungaji wako.

Kama mlinunua kitu pamoja bila cheti, iwe kipande cha ardhi, pikipiki au kibanda, hifadhini risiti na majina. Mahakama ikigawa mali ya watu wasio na ndoa, huuliza nani alichangia nini.

Makosa ninayoyaona tena na tena

- Kuzaa ili akae. Aliyekimbia kodi atakimbia na maziwa ya mtoto.
- Kuacha kazi ya mjini ukamfuata Desemba kwao bila kualikwa. Umwage machozi mbele ya wakwe ambao hawakujui? Kaa kwako, mngoje Januari 20.
- Kumtangaza kwa majirani wiki ya pili, kisha kuvumilia ubaya wake kwa kuogopa aibu ya ploti.
- Kumpokea tena kila Juni bila swali lolote jipya. Akirudi, afungue daftari lile lile pale mlipoachia.
- Kumzoesha mtoto wako kumwita baba au mama kila anayelala. Amwite mjomba, amwite shangazi, hadi atakapovuka mwaka.

Ukiamua kuachana

Fanya mchana, ukiwa na jamaa au jirani unayemwamini karibu. Usiongee mengi, amua, sema, maliza. "Mimi natafuta mtu wa mwaka mzima, na wewe hujawa tayari. Chukua vitu vyako leo." Mpe begi lake lote, asibakishe suruali ya kumrudisha usiku. Chukua ufunguo, kisha badilisha kufuli hata kama ameurudisha, kwa kuwa kuna mafundi wa kuchonga funguo kila kona kuanzia Kawangware 56 hadi Makina. Badilisha nambari ya siri ya simu na ya M-Pesa siku hiyo hiyo. Mjulishe msimamizi wa ploti kwamba huyo si mpangaji tena.

Akikutisha, akikupiga, au akirudi kugonga mlango usiku, usijaribu kumtuliza peke yako. Paza sauti majirani wasikie, nenda kwa jirani, piga 1195, simu ya bure ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Kama umeumizwa au umelazimishwa kitandani, nenda hospitali kwanza, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo ulizovaa. Hospitali ya Mbagathi iko jirani na Kibera. Kisha peleka ripoti kituo cha polisi na uitishe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Iandike, na uache nakala kwa mtu mwingine.